Mashua niliyoshindwa kuiacha

Daftari lililo mbele yangu lina jalada la kijani na doa la sifa, mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, kwenye kona ya chini. Nililinunua Septemba 2016, wiki ambayo mimi na kaka yangu tuliamua kununua mashua. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu: "Matengenezo 60,000. Wiki tatu." Nimeupigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, ileile ninayosahihishia mitihani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Lamu. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa wengi hudhani kosa kama langu ni la mtu asiyejua kujumlisha. Nilikuwa najumlisha kila jioni. Kila shilingi iliyotoka iliandikwa, na bado nilipoteza 549,000 katika muda usiofika miaka mitatu, nusu akiba yangu na nusu mkopo wa chama chetu cha ushirika. Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu kila msimu namwona mtu mwingine akiingia njia ileile, kwa chombo, kwa ploti, kwa duka, kwa ng'ombe, na namjua kwa maneno yake: "Bado kidogo tu."

Baba yetu alikuwa nahodha. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu, na chombo chake kikauzwa kulipa madeni. Basi siku kaka aliponipeleka Matondoni nikaione mashua ya futi 28 iliyopandishwa ufukweni, kilichonifika kwanza kilikuwa harufu: sifa, kamba zenye chumvi, mbao iliyokunywa bahari miaka mingi. Nilisimama pale nikawa na umri wa miaka tisa. Nikajisemea, hii ni mashua nzuri. Wakati huo sikuwa nimeiinamia hata ubao mmoja. Moyo ulishahukumu, akili ikabaki kutumwa kutafuta ushahidi.

Mwenyewe alitaka 400,000. Tulivutana nusu siku, tukafika 280,000, nikarudi mjini na furaha ya mtu aliyeokoa laki moja na elfu ishirini. Miezi kadhaa baadaye nilijua kwamba vyombo vya umri ule na hali ile vilikuwa vikienda kwa laki moja na nusu, pengine na kitu kidogo juu. Sikuwahi kuuliza. Bei ya kwanza kuisikia ndiyo niliyoanzia kupimia, na kila nilichokipunguza nilikiona faida.

Nilipoanza kusoma mambo haya, baada ya hasara, nilikutana na jaribio la Amos Tversky na Daniel Kahneman walilolichapisha mwaka 1974. Waliwazungushia watu gurudumu lenye namba 0 hadi 100, ila lilikuwa limetegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Waliotokewa na 10 walikisia kiasi cha asilimia 25. Waliotokewa na 65 walikisia 45. Gurudumu halina habari yoyote na Afrika, na kila mmoja aliliona likizunguka mbele ya macho yake, lakini namba ilishaingia kichwani na ikavuta. Laki nne za yule bwana ndizo zilizokuwa gurudumu langu. Siku hizi siendi kutazama kitu cha thamani kabla sijaulizia bei pande tatu na kuandika yangu kwenye karatasi. Nikishaisikia ya muuzaji, nimechelewa.

Kabla ya kulipa tulimwita fundi mzee wa palepale. Alizunguka chombo kimya akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, halafu akachutama nyuma, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akatoa kisu kidogo mfukoni. Akakisukuma kwenye ubao. Kilizama mpaka mpini bila sauti, kama kinachoingia kwenye muhogo uliooza. Alipokichomoa, maji meusi yalitoka yakamlowesha vidole. Akaniinulia macho.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona, Ami."

Akanieleza kwamba mbao za ubavuni ni za mbambakofi, mti mgumu, bado zina nguvu, ila mkuku na mataruma ya nyuma, yaani mbavu za ndani, yameliwa. Ukibadilisha huku, kule kutaachia. Alisema polepole, kwa heshima, akipangusa kisu kwenye kikoi chake.

Daftari la jioni ile lina maneno haya: "Fundi: mbao nzuri. Nyuma kidogo kurekebisha."

Nimeyasoma mara nyingi. Sikumdanganya mtu, wala sikujua kwamba najidanganya. Masikio yaliyasikia yote, na mkono ukaandika ule upande nilioutaka. Kisha nikafanya kitu nilichokiita uangalifu: nikauliza watu watano. Kaka, ambaye angekuwa nahodha. Mabaharia wawili, ambao wangepata kazi. Jamaa wa muuzaji. Na fundi. Wanne wakasema nunua, mmoja akasema tahadhari, nami nikazihesabu kura kana kwamba zote zina uzito mmoja. Yule mmoja ndiye pekee aliyekuwa hana cha kupata wala cha kukosa.

Mwaka jana niliwaletea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu zoezi la mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, la mwaka 1960. Niliandika ubaoni 2, 4, 6, nikawaambia namba hizi zinafuata kanuni niliyo nayo kichwani. Wanitajie namba tatu tatu, nami nitasema ndiyo au hapana, mpaka waijue kanuni. Msichana wa mbele akasema 8, 10, 12. Ndiyo. Mwingine 20, 22, 24. Ndiyo. Wa tatu, 100, 102, 104. Ndiyo. Darasa likaanza kupiga makofi: kanuni ni kuongeza mbili! Nikasema hapana. Kukawa kimya. Kanuni ilikuwa nyepesi mno, namba yoyote ilimradi kila moja ipite iliyotangulia. 1, 7, 500 ingefaa. Ila hakuna aliyenipa namba tatu alizotarajia nizikatae. Kila mmoja alitaka kusikia ndiyo. Watu wa Wason nao, watu wazima, wengi wao walitangaza kanuni ya uongo kwanza.

Nilipokuwa nafuta ubao nilimkumbuka fundi na kisu chake. Yeye alikwenda moja kwa moja mahali chombo kingemwambia hapana. Kwa muda wote ule mimi nilikuwa nagonga mbambakofi.

Matengenezo ya kwanza. Wiki tatu zikawa wiki kumi na moja, na 60,000 ikawa 145,000. Mbao zilichelewa, fundi mmoja akapata msiba, misumari ya zamani iling'olewa ikatoka na nusu ya ubao. Kila kilichotuchelewesha kilionekana cha kipekee, cha wiki ile tu. Lakini palikuwa na vyombo vingine vitatu vimepandishwa palepale Matondoni, na kama ningewauliza wenyewe, wote wangeniambia walikaa miezi zaidi ya miwili. Akili ikipanga kazi huitunga kama hadithi: tutaanza, tutaendelea, tutamaliza. Kwenye hadithi hakuna msiba wala mvua. Ukitaka kujua kazi itachukua muda gani, weka hadithi yako kando, uliza walioifanya iliwachukua muda gani, uamini hivyo hata kama moyo unasema wewe ni tofauti. Mimi nilikuwa nimesadiki kuwa sisi ni tofauti. Sikumbuki kwa nini.

Tukanunua tanga na kamba kwa 38,000. Msimu wa pepo za kaskazi wa mwanzo wa 2017 ulitupa miezi mizuri, mizigo ya boriti za mikoko na mawe ya Manda, na siku ile ya kwanza kumwona kaka akirudi ameshika usukani, jua nyuma yake, nililia pale gatini bila kujificha. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lile chozi lilinigharimu. Miezi minne mizuri ilikaa kumbukumbuni mwangu kama kipimo cha chombo chenyewe. Kilichofuata chote nilikiita mkosi.

Pepo za kusi zilipoanza, mkuku ukaanza kuvuja. Kaka alikuwa akikumba maji kila saa. Fundi akasema maneno yaleyale. Nikalipa 120,000, pesa za mkopo. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti misituni, mikoko nayo ikaingia humo, shehena ya boriti ikakatika. Hapo, kwa mtu aliyekuwa akitazama kutoka nje, hesabu ilikuwa imekwisha: chombo kibovu, mzigo hakuna. Mimi nilinunua mashine ya mtumba kwa 95,000, ili tupate mizigo mingine na tuwahi safari zaidi, "pesa zirudi".

Neno hilo, zirudi, limejaa kwenye daftari. Nimelihesabu mara kumi na saba.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, waliwapa watu kisa: umelipia safari mbili za kuteleza kwenye theluji, moja dola 100, nyingine dola 50, na unajua ile ya dola 50 itakufurahisha zaidi. Halafu unagundua ni wikendi moja, na pesa hairudishwi. Utakwenda wapi? Zaidi ya nusu walichagua ile ya dola 100, wakaiacha iliyowafurahisha. Pesa ilikwisha kutoka kwa vyovyote vile, lakini kuiacha ile kubwa ingekuwa kama kuitupa baharini kwa mkono wao wenyewe. Serikali nazo hufanya hivyo. Uingereza na Ufaransa ziliendelea kuimwagia pesa ndege ya Concorde hata baada ya kuonekana wazi kwamba haitalipa, na wataalamu wakaliita kosa hili kwa jina la ndege hiyo.

Kahneman na Tversky walishaeleza mwaka 1979 kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha, na vipimo vilivyofuata vikaweka uchungu huo karibu mara mbili ya raha yake. Naamini hivyo kwa mwili wangu. Mashua ilipokuwa juu ya maji, hata ikivuja, laki zangu zilikuwa "ndani ya chombo". Siku nitakayoiuza ndiyo siku zitakapokuwa zimepotea. Kwa hiyo kila shilingi niliyoongeza ilikuwa bei ya kuisogeza mbele siku ile. Nilikuwa nalipa ili nisihuzunike.

Nimejiuliza sana kwa nini Mwenyezi Mungu atupe kichwa cha namna hii. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kichwa hiki kina kazi yake na kinaifanya vizuri. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zote tunazozitumia tukiwa tumetulia. Kiungo cha gharama hiyo hakiwezi kupima kila jambo upya. Kinakata njia. Mzamia kamba koche akiona kivuli kizito chini yake hakai kuhesabu uwezekano wa papa. Anapanda juu, halafu ndiyo anauliza. Akikosea mara mia kwa kukimbia mwani, amepoteza pumzi tu. Akikosea mara moja kwa kubaki, hayupo tena wa kukosea. Waliotuzaa ni wale waliokimbia kivuli, walioshikilia walichonacho, walioamini kinachoaminiwa na jamaa zao. Njia hizo za mkato ziliwafikisha salama. Tatizo ni kwamba hazina alama ya kutuonya pale tunapokuwa mahali ambapo kivuli ni mkopo wa miezi thelathini na sita.

Na hazimwachi msomi. Naweza kusema kusoma kwangu kulinizidishia, maana kila nilipotaka sababu ya kuendelea niliipata haraka, imepangika, ina namba. Kaka, ambaye aliacha shule darasa la saba, alianza kusita kabla yangu. Mimi ndiye niliyemshawishi, kwa hesabu.

Novemba 2018 walibeba mifuko 35 ya saruji kutoka Mokowe kwenda Faza. Usiku, pepo za mwanzo wa kaskazi, ubao mmoja wa nyuma ukaachia. Walikumba maji kwa ndoo mbili mpaka alfajiri, mashine imezimika, na wakaingia kwa tanga huku ngama, tumbo la chini la chombo, imejaa maji. Saruji yote ikaharibika. Nilimlipa mwenye mzigo 28,000. Kaka alikuja nyumbani mikono imevimba, akaketi ukumbini, akakataa chai. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, nilimkumbuka baba sana jana." Nami, usiku ule, baada ya yeye kulala, nilifungua daftari nikaandika makadirio ya matengenezo mapya. 62,000. Nazo nikazilipa.

Huo ndio ukurasa ninaouonea aibu kuliko zote. Nilikuwa nimekaribia kumzika kaka yangu, na kichwa kilikuwa bado kinahesabu mbao.

Aliyenitoa ni shangazi yangu wa Langoni, anayepika mahamri alfajiri na kuuza mlangoni. Julai 2019 nilimpitia kumkopa kidogo. Aliniangalia nikiwa nimesimama pale na pochi yangu, akasogeza kikapu cha unga.

"Njoo, keti."

Nikaketi. Akageuza mahamri mafutani, akaniuliza bila kunitazama: "Tuseme hiyo mashua si yako, mwanangu. Ni ya jirani. Anakuuzia leo, vile ilivyo, pamoja na mashine. Utampa ngapi?"

Nikasema, "Kwa ile? Simpi hata laki mbili."

"Na ukishanunua, utamwagia pesa zaidi uitengeneze?"

Sikujibu. Alinifungia mahamri sita kwenye gazeti, na mkopo hakunipa.

Swali lake lilifanya kitu ambacho miaka mitatu ya hesabu haikufanya: liliniondolea umiliki. Hesabu zangu zote zilianza na pesa zilizotoka. Lake lilianza na leo. Tangu hapo nimelitumia kwa watu wengi, na nimeona kwamba halifanyi kazi ukijiuliza mwenyewe kimoyomoyo, kwa kuwa moyo unajua unakoelekea na unajibu haraka. Lazima aulize mtu mwingine, tena asiye na faida katika jibu, na wewe ujibu kwa sauti.

Agosti tuliiuza. Mwili wa chombo ulichukuliwa na bwana mmoja aliyetaka zile mbao za mbambakofi, 110,000. Mashine 45,000. Faida yote ya safari, baada ya sehemu ya mabaharia, ilikuwa 64,000. Matumizi 768,000. Nilikuwa nimeogopa siku ile kwa miaka, na ilipofika nililala kuanzia isha mpaka nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Deni nililimaliza mwaka uliofuata. Uchungu wenyewe ulikaa kama wiki mbili, nikauzoea.

Wiki ileile mji mzima ukawa ulijua. Pale Mkunguni kila mtu alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba chombo kile hakifai. Mama alisema alijua. Kaka akasema alijua, na nina hakika anaamini hivyo, ila daftari la Septemba 2016 linamnukuu: "Dada, tuichukue kabla hajaipata mwingine." Na mimi? Nilikuwa nimeshaanza kukumbuka kwamba tangu siku ya kwanza nilikuwa na wasiwasi. Nikatafuta ukurasa. Tarehe 4 Oktoba: "Nina hakika na jambo hili." Mtafiti Baruch Fischhoff alionyesha tangu mwaka 1975 kwamba watu wakishaambiwa matokeo huyaona kama yalikuwa wazi kutoka mwanzo, na hawajui kwamba wameyaona hivyo kwa kuambiwa. Mtu wa namna hiyo hana la kujifunza, kwa sababu kwenye kumbukumbu yake hakuwahi kukosea. Ndiyo maana ninamsihi yeyote anayeingia kwenye jambo kubwa aandike kabla: anaamini nini, kwa sababu gani, na ni kitu gani kikitokea ataacha. Aandike na kiwango. Mimi ningeandika kwamba matengenezo yakipita 100,000 tunauza, ningekuwa nimesimama Januari 2017. Kiwango kinachowekwa ukiwa ndani ya shida hakishiki. Unakisogeza kama nilivyosogeza changu mara nne.

Mtafiti mwingine wa Marekani, Gary Klein, ana njia ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kuanza, keti na wenzako mseme: mwaka umepita, jambo letu limeharibika kabisa. Kila mmoja aandike limeharibikaje. Ukiuliza "kuna hatari gani?" watu hunyamaza kwa adabu, hasa mbele ya mkubwa. Ukiwaambia limeshakufa, waeleze tu lilikufa kwa nini, ndimi zinafunguka. Tuliijaribu nyumbani wakati mdogo wetu alipotaka kufungua duka la simu, na mama, ambaye huwa hasemi kitu mbele ya wanawe wa kiume, aliandikisha sababu saba.

Nisidanganye kwamba nimepona. Kahneman mwenyewe, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi hii, alikiri kwamba miaka yote ya kuyachunguza makosa haya haikumfanya ayaepuke sana katika maisha yake. Ninavyo vitu viwili vitatu nje ya kichwa changu: karatasi, daftari, shangazi.

Mwezi uliopita kaka alipata habari ya mashua Kizingitini. Tulikwenda pamoja na fundi, si yule mzee, ameshatangulia, ni mwanawe. Kabla ya kushuka kwenye boti tulikaa tukaandika namba yetu kwenye karatasi, kaka akaikunja akaitia mfuko wa shati. Mashua ilikuwa nzuri. Ilinukia sifa. Kisu kiliingia inchi moja tu na kikakwama, fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwenyewe akataja bei yake, tukavutana mpaka adhuhuri, akashuka, akashuka tena, akasimama 30,000 juu ya namba ya karatasi.

Kaka alinitazama. Nilimwona anafanya hesabu ileile: tumetoka mbali, nauli tumelipa, fundi tumemlipa, elfu thelathini ni nini. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Tulimshukuru yule bwana, tukamwachia simu, tukapanda boti ya saa tisa. Kaka alikaa mbele, mgongo wake kwangu, hakutamka neno mpaka tulipoiona gati ya Lamu.